Maji ya Mtihani

Kila msimu wa mitihani unapokaribia, maduka ya vitabu hujaa vijitabu vyembamba viitwavyo miongozo. Ndani yake tamthilia nzima imekatwakatwa vipande: wahusika ukurasa huu, dhamira ukurasa ule, mbinu za kisanaa mbele kidogo, kisha orodha ya madondoo muhimu, kila dondoo na jibu lake. Mwanafunzi hununua, hukariri, hufumba macho na kuomba swali litoke humo. Walimu wengi hulibariki jambo hilo, na wazazi hulilipia. Hasara yake haihesabiwi, kwa sababu anayefaulu kwa njia hiyo hana habari ya kile alichokikosa.

Hakuna tamthilia inayoufichua upotovu huu kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Miongozo huieleza kwa maneno matatu: ukoloni, umoja, uongozi. Ni kweli, yote yamo. Lakini tamthilia hii, zaidi ya yote, ni habari ya neno: jinsi linavyozaliwa, linavyopokewa nusu, na linavyomponyoka mwenyewe aliyelitamka. Anayeikariri pasipo kuielewa hurudia kosa lile lile ambalo mwandishi ameliweka jukwaani ili lionekane.

Watu wa kusini wameelemewa na Wajerumani. Wanaume wanafanyishwa shokoa mashambani mwa mgeni, na majumbani wanawake wanazungumzia njaa. Kinjeketile anavutwa mtoni na nguvu isiyoonekana, na anapotoka ana maji na ana ujumbe. Watu wanausikia wanaoutaka: kwamba wataungana, na kwamba risasi haitawadhuru. Lakini katika hali ile ile ya kupandwa, Kinjeketile ametamka pia kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Umati unalipita tamko hilo kama upepo. Ni Kinjeketile mwenyewe, akili zilipomrudia, anayetaabishwa nalo: je, Mjerumani ataondolewa ili aingie bwana mwingine?

Msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa uzito wa jina hilo. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita vya Maji Maji kuanza mwaka 1905. Hata hivyo jina lake linaibuka mtoni, kusini, katika kinywa cha mtu anayetafuta uhuru. Hapo ndipo penye fundo la tamthilia. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “maji yalileta umoja” amelipita fundo hilo kama ulivyolipita umati. Amechukua lililompendeza mtahini, akaacha lililomsumbua Kinjeketile.

Watetezi wa miongozo watasema kwamba mtihani wenyewe ndio unaodai madondoo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hoja hii ina ukweli. Nchini Kenya, katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya kidato cha nne, swali la tamthilia lina alama 20, na mara nyingi huanza kwa dondoo na agizo la kueleza muktadha wake kwa alama 4. Wanafunzi wamefundishwa kuzigawa alama hizo kama mkate: msemaji moja, msemewa moja, mahali moja, sababu moja. Tanzania nako, insha za fasihi zimezoea kudai hoja kadhaa kutoka kila kitabu, na mwanafunzi hujifunza kuhesabu hoja kabla hajajifunza kuzifikiri.

Lakini swali la muktadha, likitazamwa vizuri, ndilo linalowaumbua wakariri. Kuuliza nani anamwambia nani, wapi na kwa nini, ni kuuliza swali la mwigizaji anapojiandaa kuingia jukwaani. Katika tamthilia hakuna neno lisilo na kinywa, wala kinywa kisicho na sikio mbele yake. Neno la Kitunda, anayetaka wapiganaji wafunzwe kabla ya vita, haliwezi kupimwa bila ya kumwona akisimama kati ya wenzake wanaotaka kushambulia leo kuliko kesho. Neno likitolewa humo likapangwa katika orodha, huwa methali isiyo na mwenyewe. Tena mwanafunzi humtwika mwandishi kila kauli, kana kwamba Ebrahim Hussein amekubaliana na kila mhusika aliyemuumba.

Dhamira nazo zimepatwa na balaa hilo hilo. Dhamira si jina linaloandikwa pembeni. Ni mvutano wenye pande mbili. Maji yaliunganisha makabila yaliyokuwa yakitengana. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba umoja huo ulijengwa juu ya imani ambayo hata mwenyewe aliyeileta hakuwa na hakika nayo, na wengi walikufa kwa kuiamini. Mwishoni, Kinjeketile akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikiri, mkoloni atawaambia watoto wa kesho kwamba wazee wao walikosea kupigana. Asipokiri, wataendelea kuwapo wanaokwenda kifoni wakilitegemea neno lake. Je, ni shujaa au amewapoteza watu wake? Mwongozo hujibu kwa mstari mmoja. Tamthilia haijibu, na kutojibu kwake ndiko kunakomlazimisha msomaji afikiri.

Wapo pia wanaoichanganya tamthilia na tarikhi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi anayaona maafa. Mwandishi amembakisha hai kusudi, ili alikabili neno lake. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo hawezi kuliona kusudi hilo.

Wapenzi wa ushairi huenda wakauliza: je, kuhifadhi si jadi ya pwani? Tenzi hazikuishi vifuani kabla ya kuishi vitabuni? Ziliishi, na heshima yake haipungui. Lakini aliyehifadhi utenzi alihifadhi mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, na mizani na vina vikimsahihisha anapoteleza. Alikaa mbele ya mjuzi akafafanuliwa maana. Mkariri wa madondoo huhifadhi makombo, kimya kimya, na siku ya pili ya mtihani hana alichobaki nacho. Kuyaita hayo hifadhi ni kuwadhulumu wazee.

Njia iliyo bora si ngumu wala haina gharama. Wanafunzi wanne au watano na waketi, wagawane wahusika, waisome tamthilia kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kila dondoo lisomwe pamoja na lililolitangulia na linalolifuata. Aulizwe si msemaji tu, bali na aliyenyamaza. Kila dhamira itafutiwe upande wake wa pili. Atakayefanya hivyo atalijibu swali la muktadha bila ya kulikariri, kwa kuwa atakuwa ameusikia mkutano wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na watunga mitihani nao wasijitoe lawamani. Maadamu swali linajibika kwa kijitabu cha kurasa hamsini, kijitabu kitaendelea kuuzwa. Na waulize yale ambayo mwongozo hauna: kwa nini umati haukulisikia jina la Seyyid Said? Kijana atakayelijibu hilo ameisoma Kinjeketile. Asiyeweza amenyunyiziwa maji tu, na maji hayajapata kuzuia risasi.