Maiki iliyoshuka kwa hadhira

Tarehe 6 Novemba 1967, watu waliingia studio ya kituo cha WLWD mjini Dayton, jimbo la Ohio, wakiwa na tiketi za kipindi cha burudani ambacho tayari kilikuwa kimeondolewa hewani. Badala ya muziki walimkuta mtangazaji wa miaka 31, Phil Donahue, na mgeni mmoja tu: Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyekana hadharani kuwapo kwa Mungu, na ambaye kesi yake ilikuwa miongoni mwa zilizokomesha usomaji rasmi wa Biblia katika shule za umma za Marekani.

Kwa saa za mchana, wakati kina mama wa nyumbani walitarajiwa kuangalia tamthilia na michezo ya zawadi, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Dayton ni mbali na Hollywood, na mastaa hawakupita huko mara kwa mara. Kwa hiyo Donahue alijenga kipindi juu ya mada moja na mgeni mmoja kwa saa nzima. Kisha akagundua jambo lililobadili kazi yake: wakati wa matangazo ya biashara, waliokaa kwenye viti vya hadhira walimuuliza mgeni maswali makali kuliko yake mwenyewe. Siku moja akainuka, akashika maiki, akawafuata walipo. Tangu hapo kukimbia huku na huko katikati ya safu za viti kukawa ndio utangazaji wake, Dayton, kisha Chicago kuanzia 1974, na baadaye New York, hadi alipofunga kipindi mwaka 1996.

Hapo ndipo ulipo ukubwa wa Donahue. Aliamini kwamba mwanamke anayewasha televisheni saa nne asubuhi ana akili ya kufuatilia siasa, dini, tiba na haki zake. Mwaka 1982, UKIMWI ukiwa ndio kwanza umepewa jina, aliuzungumzia mbele ya kina mama hao. Mwaka 1986, yeye na mtangazaji wa Kisovieti Vladimir Pozner waliwakutanisha kwa setilaiti wanawake wa Boston, Marekani, na wa Leningrad, Umoja wa Kisovieti, Vita Baridi ikiwa bado haijaisha. Oprah Winfrey, aliyekuja kumpiku kwa idadi ya watazamaji, alikiri wazi kuwa bila Donahue kipindi chake kisingekuwapo.

Si kila alichofanya kinastahili sifa. Ushindani ulipopamba moto, naye alivutwa kwenye vioja; mwaka 1988 alivaa sketi hewani katika kipindi kuhusu wanaume wanaovaa mavazi ya kike. Waliomfuata walichukua ukumbi wake na maiki yake, wakaacha heshima yake kwa anayeuliza, hadi ugomvi wa ndugu ukawa bidhaa ya mchana.

Tukirudi kwetu, vituo vya Afrika Mashariki navyo vina vipindi vingi vya asubuhi na mchana. Makochi ni mazuri, watangazaji ni wachangamfu, mapishi hayakosekani. Lakini mara nyingi wanaozungumza ni watangazaji wenyewe kwa wenyewe, na mama anayelipa ada ya shule au anayetafuta dawa hospitalini anasomewa ujumbe wake mfupi kwa sekunde chache kabla ya tangazo. Huyo aletwe studio, aketi mbele ya waziri au daktari, apewe maiki na muda wa kutosha kuuliza hadi ajibiwe.

Gharama ya kazi ya namna hiyo Donahue aliijua. Aliporudi hewani kwenye kituo cha habari cha MSNBC mwaka 2002, aliwapa nafasi waliopinga vita vya Iraki. Kipindi chake kiliongoza kwa watazamaji katika kituo hicho, lakini kilifutwa Februari 2003, wiki chache kabla ya Marekani kuivamia Iraki. Hakukaa kimya: mwaka 2007 yeye na mtengenezaji filamu Ellen Spiro walitoa filamu ya hali halisi, Body of War, kuhusu askari kijana aliyepooza baada ya kupigwa risasi huko Iraki.