Matela ya upepo inapolegea usiku

Juma hili tuongee juu ya matela ya upepo, ile tunayoweka kwa ajili ya wageni: shangazi akitoka kijijini, au watoto wa ndugu wakija likizo. Jioni inakuwa ngumu kama ngoma, asubuhi mgeni anaamka mgongo uko kwenye sakafu. Tunasema imekufa, tunaitupa. Kumbe mara nyingi ni tundu dogo kama ncha ya sindano, na tunaweza kuliziba wenyewe.

Kwanza tujue kwamba hewa ikipoa hujikunja. Matela iliyojazwa mchana wa jua italegea kidogo usiku hata kama ni nzima. Hiyo tuiongeze hewa tu. Lakini ikilala chini kabisa, inavuja.

Tuanze na kizibo. Mchanga au uzi ukiingia pale, hakifungi vizuri. Tukipanguse, tukifunge, tupake maji ya sabuni. Povu likitokea, kizibo ndicho chenye shida.

Kama si kizibo, tujaze matela hadi iwe ngumu, tuipeleke mahali penye kimya. Tulowanishe shavu kwa maji na kulipitisha karibu nayo: hewa inayotoka itasikika, au itapoza shavu. Kisha tupake maji ya sabuni kwa kitambaa, sehemu baada ya sehemu, bila kusahau maungio. Tuwaite watoto watusaidie. Macho yao yanaona povu upesi, na wanajifunza kwamba hewa, hata kama haionekani, ina nguvu ya kusukuma. Tundu likionekana, tulizungushie duara kwa biki mara moja, maana povu likikauka halionekani tena. Tuendelee mpaka mwisho, huenda kuna tundu la pili.

Sasa tuzibe. Tutoe hewa yote, tuoshe mahali pale, tukaushe, tupanguse kwa alkoholi ya farmasi. Kama upande ule una manyoya laini, tuyakwangue polepole, sivyo kole itashika manyoya na kuacha plastiki. Tukate kiraka cha mviringo, kipite tundu sentimita 2 au 3 kila upande. Kiraka chenye pembe huinuka upesi. Kole ya kwado, ile ya mpira wa baiskeli, haishiki vizuri kwenye plastiki ya PVC. Tuombe kole iliyoandikwa kuwa ni ya PVC. Tufungue madirisha, watoto wakae mbali na harufu yake. Tuweke kitu kizito juu, tungoje saa 24 kabla ya kujaza tena.

Na jambo la mwisho halina mchezo. Mtoto mchanga asilazwe juu ya matela ya upepo, hata ikiwa nzima, hata mama akiwa kando yake. Inapolegea, uso wa mtoto unaweza kuzama ndani, au akateleza kati ya matela na ukuta, akakosa pumzi. Hana nguvu ya kujigeuza, na mama aliyechoka na safari hasikii. Mgeni akifika na mtoto mchanga, tumpe nafasi yenye matela ngumu ya kawaida. Ile ya upepo tuilalie sisi wenye nyumba.