DIRISHA LA DUNIA: Angalia mkia wa treni

Mwezi huu dirisha letu linafunguka Marekani, kwenye reli. Msiseme "treni inatuhusu nini?" Nisikilizeni kwanza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alipata bahati ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Anakaa mji mdogo katika jimbo la Iowa, anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Kwa miezi mingi alikuwa hapokei simu zetu. Hapa nyumbani tukaanza: amebadilika, ameshiba, ametusahau. Kumbe kosa lilikuwa kwetu pia. Kila tukipiga, salamu moja, halafu hela.

Siku moja akapiga mwenyewe. "Mjomba," akasema, "leo nimeona behewa lenye baraza!"

Nikafikiri anatania. Sisi wa Kalemie tumeijua treni tangu utoto, lakini behewa lenye baraza kama nyumba ya mtu? Akanieleza, na mimi nikaanza kuulizia na kusoma.

Treni hiyo inaitwa California Zephyr. Inatoka Chicago kila siku mchana na kwenda Emeryville, karibu na San Francisco, safari ya zaidi ya kilometa 3,900. Ni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani lililoanza kazi tarehe 1 Mei 1971. Mabehewa yake ni ya ghorofa mbili, yana rangi ya fedha. Lakini siku nyingine nyuma kabisa kunafungwa behewa la zamani ambalo si la shirika. Ni la mtu binafsi au la chama. Mwenyewe analitunza, linakaguliwa kama ni salama, halafu analipa kwa kila maili linayovutwa. Wengine wanayakodisha kwa wasafiri.

Kama una ndugu kule anayekaa karibu na reli, mwambie alama hizi:

Kwanza, asiangalie kichwa cha treni. Asubiri mkia. Kwa kawaida mgeni huyo hufungwa mwisho.

Pili, aangalie urefu wa kwenda juu. Baada ya mabehewa ya ghorofa, la zamani linaonekana fupi, kama mtoto anayefuata wakubwa zake.

Tatu, aangalie rangi na jina. Mengi yana rangi ya kijani kibichi, nyekundu iliyoiva au ya machungwa, na ubavuni limeandikwa jina, si namba tu.

Nne, ahesabu magurudumu. Behewa zito la miaka ya 1920 mara nyingi lina ekseli tatu mbele na tatu nyuma. Ya kisasa yana mbili mbili.

Tano, kile kibaraza cha nyuma chenye vyuma vya kushikilia. Mengine hayana kibaraza, yana kuba la vioo juu ya paa, watu wanakaa humo kuangalia milima.

Asimame stesheni au mbali na reli. Kusimama katikati ya reli ni kujitafutia kifo.

Tangu mwaka 2018 Amtrak imepunguza sehemu ambapo mabehewa hayo yanaruhusiwa kuungwa, kwa hiyo anayeliona ashukuru. Moja linalojulikana sana ni Georgia 300, lililotengenezwa mwaka 1930. Tarehe 17 Januari 2009 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alisafiri nalo kutoka Philadelphia mpaka Washington kwenda kuapishwa. Watu walisimama kwenye baridi kali kumpungia mkono pale kwenye kibaraza.

Sasa sikilizeni upande mwingine. Mabehewa mengi ya namna hiyo yalitengenezwa na kampuni ya Pullman, iliyoanzishwa na George Pullman mwaka 1867. Kampuni hiyo iliendesha pia mabehewa ya kulala, na kazi ya kutandika vitanda, kubeba mizigo na kung'arisha viatu walipewa watu weusi. Wa kwanza wao walikuwa wametoka utumwani juzi juzi. Walitakiwa kutimiza saa 400 kwa mwezi, au maili 11,000. Na abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1926 kampuni ikakubali kuweka kadi ndani ya behewa yenye jina la mtumishi wa zamu. Hapo ikajulikana kwamba kati ya watumishi kama 12,000, walioitwa George kweli walikuwa 362 tu! Mwaka mmoja kabla, 1925, walikuwa wameanzisha chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph. Walihangaika miaka kumi na miwili. Mwaka 1937 kampuni ikasaini mkataba nao, na saa zikashuka kutoka 400 hadi 240 kwa mwezi.

Nilipomsimulia mpwa wangu hayo kwenye simu, akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mjomba, na mimi kazini wananiita Joe. Msimamizi alisema jina letu linamshinda." Hakuwahi kutuambia. Jina hilo ni la baba yangu mzazi. Sisi hapa tulikuwa tunahesabu dola, yeye kule alikuwa amepoteza jina.

Sikumwambia agombane na mtu, kazi anaitaka. Nilimwambia hivi: wale watu walianza na kadi ndogo tu. Wiki mbili baadaye akapiga tena. Aliomba kitambulisho chake cha kifuani kiandikwe jina lote, wakakiandika. Msimamizi bado analitamka vibaya, lakini analijaribu. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani.

Basi, ndugu zangu, mwezi huu nina ombi moja kwa kila familia yenye mtu ng'ambo. Mkimpigia, msianze na hela. Shida tunazo, zitasemwa tu. Muulizeni kwanza: leo umeona nini? Na huko wanakuitaje? Halafu mwiteni kwa jina lake lote, walisikie na watoto waliokaa hapo mkekani.

Mpwa wangu siku hizi anapiga kila Jumapili. Dada yangu hana habari na reli hata kidogo, lakini simu ikilia swali lake ni moja: "Haya, mwanangu, mkiani kulikuwa na nini?"

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.