Safu ya Mwisho Katika Rejista

KIBARAZANI
Na Zuhura Mkumbo

Wiki mbili zilizopita nilivaa fulana ya njano iliyonibana, nikakaa chini ya hema jeupe kwenye uwanja wa netiboli wa shule niliyosoma, nikapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Ilikuwa siku ya wahitimu. Kamati ilijitahidi: maua ya plastiki meza kuu, spika mbili kubwa kama makabati, pilau la mbuzi, na mshereheshaji aliyelipwa ili asinyamaze hata dakika moja. Ndani ya risala kulikuwa na orodha ya waliofanikiwa. Waziri mstaafu, balozi, majaji wawili, kanali wa jeshi, maprofesa, mkurugenzi wa benki. Kila jina likitajwa tunashangilia. La balozi lilishangiliwa mara mbili, maana mwenyewe alikuwapo, na ilishavuja kwamba anakuja kuahidi mabati.

Shule siitaji. Nikiitaja wenzangu wataniondoa kwenye kundi la WhatsApp, na habari zote za mjini mimi nazipata humo.

Orodha za namna hii nimekua nazo. Mjomba wangu alisoma Tabora, na hakukuwa na msiba wala harusi aliyohudhuria bila kutukumbusha. Kwake Tabora School ilikuwa ukoo, na ukoo wenyewe wa kifalme. Hakuwa anaongopa. Waingereza waliijenga miaka ya 1920 wakiwafikiria watoto wa machifu, kwa kuiga shule za mabwana wa kwao. Julius Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliingia pale 1937, akatoka 1942, na mwaka uliofuata alikuwa Makerere. Rashidi Kawawa alipita pale pia, ila Makerere hakwenda. Aliajiriwa serikalini, akaigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu, akaongoza wafanyakazi, na Januari 1962, Nyerere alipoachia uwaziri mkuu ili akakijenge chama, kiti kikawa chake. Miaka mingi baadaye Samuel Sitta naye alitoka kwenye madawati yale yale, akaja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

Mjomba alikuwa akiishia hapo, halafu anaomba chai.

Nilipokuja kusoma mwenyewe nikakuta orodha yake ina mapengo. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alisoma Tabora. Alikuwa waziri katika serikali ya mwanzo ya Tanganyika, akajiuzulu 1963, na 1991, mvi zimeshajaa kichwani, akaongoza kamati ya kudai mageuzi ya katiba na kurudishwa kwa vyama vingi. Oscar Kambona naye alisoma Tabora. Ndiye Katibu Mkuu wa kwanza wa TANU, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, akaondoka nchini 1967 akiwa amefarakana na Mwalimu, akakaa London hadi 1992 ndipo akarudi. Rais, waziri mkuu, mpinzani na mkimbizi, wote walikula ugali wa jiko moja. Mjomba aliwajua wote wanne kwa majina yao na ya baba zao. Wawili aliwataja hadharani. Wawili aliwaacha kimya, na utotoni mwangu kila mtu mzima alijua kwa nini.

Ndiyo maana siziamini sana orodha za risala. Anayeziandika huwa na jicho moja kwa aliyesoma na jingine kwa aliyeko madarakani. Waziri akitumbuliwa mwezi mmoja kabla ya sherehe, jina lake hushuka hadi kwenye “na wengine wengi”. Kwa maoni yangu Fundikira ni sifa ya Tabora sawasawa na Nyerere, tena nikishikwa ulimi ningesema kwamba shule inayomtoa mtu anayeweza kumwambia rais “hapana”, akarudisha ofisi na kwenda nyumbani, imefundisha somo ambalo shule nyingi hazina hata kitabu chake.

Kuna na jambo jingine. Shule za majina makubwa hupokea watoto wakiwa wameshachujwa. Tabora ya mkoloni iliwapata wachache mno kutoka nchi nzima. Leo tuna shule za vipaji maalumu: Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala, Msalato, na Tabora zote mbili, ya wavulana na ya wasichana. Zinapokea waliong'ara darasa la saba, kisha matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunazipongeza kwa kuwa na waliong'ara. Siwadharau walimu wake, kazi wanaifanya. Lakini aliyechagua embe bivu sokoni asijisifu kwamba amelivundika.

Mwenye kuvundika hasa ni mwalimu wa shule ya kata. Shule hizi zilichipua kwa wingi kuanzia 2004, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza, nyingine zikifunguliwa kabla hazijapata milango, sembuse maabara. Watoto wake wa kwanza sasa wana miaka thelathini na kitu. Muuguzi anayekuchoma sindano kwenye zahanati ya kijiji, fundi aliyekuwekea umeme wa jua, mwalimu anayemkunja mwanao hadi hesabu zinaingia, kijana wa bodaboda anayejua njia zote za mtaani kwako: ukiwauliza wamesoma wapi, wengi watakutajia shule yenye jina la kata. Mimi sijawahi kupewa kadi ya siku ya wahitimu wa shule ya kata. Ningepewa ningekwenda, na fulana ningenunua.

Halafu tunahesabu mapema mno. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Huko Uingereza, kabla ya uprofesa wa Kent na kabla ya riwaya yake ya kwanza ya 1987, alipata kufanya kazi ya utumishi wa kawaida hospitalini. Tuseme katika miaka ile kamati ya wahitimu imempigia simu: ndugu, uko wapi, unafanya nini? “Niko hospitali, nahudumia wagonjwa.” Katibu angeandika nini? Nobel ilikuja 2021, miezi michache kabla hajatimiza miaka 73, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuulizana vitabu vyake vinapatikana duka gani. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka uliofuata. Yaani habari za mtoto wetu tulizipata kutoka Stockholm.

Turudi kwenye uwanja wa netiboli, maana nilikuja kusema jambo na naona nazunguka.

Mwezi mmoja kabla ya sherehe kamati ilinituma shuleni nikachukue majina ya mwaka wetu. Mwalimu wa taaluma, kijana mwenye adabu zake, alinifungulia kabati la chuma, akatoa rejista. Wengine mtakuwa mnaikumbuka: daftari pana kama meza ya kahawa, jalada gumu lililokatika mgongo, kurasa zenye harufu ya panya na wino. Kila mwanafunzi ana mstari mmoja unaopita kurasa mbili. Namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, mzazi au mlezi, shule alikotoka, siku aliyoingia, siku aliyoondoka. Safu ya mwisho kabisa, nyembamba, pembeni: sababu ya kuondoka.

Tuliingia 1981, wasichana 80, mikondo miwili, kila mmoja na sanduku lake la bati, jembe, ndoo na ufagio wa chelewa. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari. Kwa wengi wetu safu ya mwisho inasema “amemaliza”. Nikahesabu, 67. Waliobaki ni 13. Wanne wamehama. Mmoja amefariki, nami nikakumbuka usiku ule na gari la shule lililogoma kuwaka. Wawili watoro. Sita, kwa mwandiko mzuri wa kulalia kulia, “mimba”, “mimba”, “mimba”, na chini yake vile vistari viwili vya kuonyesha kwamba neno ni lile lile la juu. Mwandishi alichoka kuliandika.

Mmoja wa hao sita alilala kitanda cha juu yangu. Alikuwa wa tatu darasani katika hesabu, na mimi wa ishirini na kitu. Aliondoka kidato cha tatu, asubuhi, tukiwa mstarini. Sanduku lake lilibebwa na mlinzi. Hakuna aliyeruhusiwa kumsindikiza.

Nilinakili majina 80. Kamati ikaniambia, kwa upole tu, kwamba mwaliko ni wa wahitimu, na mhitimu ni aliyehitimu. Mwenyekiti wetu ni mwanasheria; neno akishalishika, halitoki.

Hapo nikamkumbuka Mama Maria Kamm. Aliiongoza Weruweru kule Moshi kwa miaka mingi, na miongoni mwa waliosoma pale ni Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Kwa jina hilo moja mwalimu yeyote angeweza kustaafu, akakaa barazani na kusalimiwa na wapita njia. Mama Kamm yeye alikwenda kuanzisha taasisi ya Mama Clementina, na humo akawatafutia mahali pa kusoma wasichana walioachishwa masomo, wakiwamo waliopata mimba. Alijua kuna safu ya mwisho katika rejista, na alijua ni akina nani wameandikwa humo. Serikali yenyewe ilifika hapo Novemba 2021, ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni.

Siku ya sherehe nilifika mapema kusaidia kupanga viti. Lori dogo lilikuwa limeegeshwa karibu na goli, vijana wanne wanakaza kamba za mahema, na mwanamke mmoja mwenye kanga kiunoni na kalamu nyuma ya sikio anawaelekeza. Anahesabu viti kwa macho, bila kugusa, kumi kumi. Sauti niliijua kabla sijaiona sura. Mahema yale ni yake. Viti 300 vile ni vyake, na lori, na sufuria zilizopikiwa pilau. Mweka hazina wetu alimpata kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote, na hakujua anaongea na nani. Yeye alijua anafanya kazi shule gani. Alituondolea robo ya bei na hakusema kwa nini.

Tulikumbatiana, tukacheka, akanionyesha picha za wajukuu. Nikamwuliza kama atakaa. Akasema atakuwa nyuma ya jukwaa, jenereta lina ugonjwa wake. Nilimpelekea fulana ya njano. Saizi iliyobaki ilikuwa ndogo, akaifunga kichwani kujikinga na jua. Risala iliposomwa nilimwona amesimama pembeni ya nguzo, anampigia makofi balozi kama sisi wote. Ndiye aliyemfundisha balozi yule logarithimu, bwenini, kwa mwanga wa kibatari.

Wahitimu wenzangu, pamoja na ninyi mlio kwenye kamati nyingine za wahitimu, Bara na Visiwani: geti jipya ni zuri, na mabati yanahitajika. Lakini kabla ya mchango unaofuata, tumeni mtu mmoja akafungue kabati la chuma. Anakili majina yote, pamoja na ya walioandikwa utoro na mimba. Watafuteni. Waulizeni walikokwenda na walichofanya, mwandike, hata kama ni mstari mmoja, hata kama jibu ni kilimo cha mpunga na watoto watano. Kisha waiteni, kwa kadi kama mlizotuma kwa waheshimiwa.

Na kwa mwenyekiti wetu, ninayejua anasoma safu hii kila Jumapili: salio la mahema bado hatujalipa.