UNAMLILIA MFUNGWA WA FILAMU, JIRANI YAKO UMESHAMHUKUMU



Ndugu yangu katika imani, vijana wetu hapa Mpanda wameiangalia filamu ya The Mauritanian (2021) wakatoka kifua mbele: "Sheikh, safari hii Muislamu si gaidi, ndiye aliyedhulumiwa!"

Furaha yao naielewa. Mohamedou Ould Slahi wa Mauritania alifungiwa Guantanamo tangu 2002 hadi 2016 bila kushitakiwa. Mwaka 2010 jaji wa Marekani aliamuru aachiwe, lakini akakaa miaka 6 mingine. Aliyemuigiza ni Tahar Rahim, Mfaransa mwenye asili ya Algeria. Tuzo ya Golden Globe ikaenda kwa Jodie Foster, aliyeigiza wakili wake. Ukilalamika kwamba hata tukidhulumiwa sisi anayeng'ara ni mwokozi wao, sikukatazi. Una hoja.

Sasa nakuuliza wewe unayelalamika: hapa Katavi, Mrundi umemchora vipi kwa ulimi wako?

Watu wa Katumba na Mishamo walikuja wakikimbia mauaji ya 1972. Wengi wamepewa uraia, ni Watanzania kama wewe. Lakini pikipiki ikiibwa mjini, nani anatajwa kabla polisi hawajafika? "Hao hao Warundi!" Na bibi kizee ambaye macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani akifa, nani anaitwa mchawi? Vikongwe wamekatwa mapanga katika mikoa yetu hii ya magharibi kwa neno kama hilo. Hao hawakupata wakili wala jaji.

Basi Hollywood wamekuzidi nini? Wao walimvika Mwarabu ugaidi, wewe umemvika Mrundi wizi.

Fungua Suratun Nisaa, aya ya 105 hadi 113. Wafasiri wanasimulia kuwa mtu wa Madina, aliyehesabiwa Muislamu, aliiba deraya kisha lawama ikatupiwa Myahudi. Jamaa zake wakasimama kumtetea mtu wao. Wahyi uliposhuka ulimsafisha nani? Yule Myahudi! Mtume ﷺ akakatazwa kuwatetea wahaini, japo walikuwa wanajiita watu wake. Na anayefanya kosa akamtupia asiye na hatia, Allah amemhesabia mzigo wa uzushi na dhambi iliyo wazi.

Usiniambie "lisemwalo lipo". Hiyo ni methali, si ushahidi.

Ukiletewa picha kwenye grupu la WhatsApp, "mwizi huyu hapa", uliza: nani kaona kwa macho yake? Kama hakuna, futa, usiisambaze. Na kama ulishamsingizia mtu, istighfari ya kimya kimya haitoshi. Rudi kwa wale wale uliowaambia, useme mbele yao: nilimzulia. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja lazima irudishwe kwa mwenyewe.

Allah atulinde na dhulma za wengine, na atulinde zaidi na zile za mikono na ndimi zetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako.