Viwanja vitupu asubuhi, watoto nje ya ua

Likizo ya skuli ikifika, simu yangu haitulii. Wazazi wa mtaani wanajua nilikulia nikiokota mipira kwenye klabu moja hapa Mombasa, basi huniuliza: mtoto anataka kujifunza tenisi, nimpeleke wapi? Angekuwa anataka kandanda, jibu ni jepesi. Kuna Uwanja wa Mbuzi, kuna Serani, na pasipo na uwanja kuna uchochoro. Kwa tenisi naanza kubabaika.

Likizo iliyopita nilimchukua mpwa wangu wa miaka tisa, tukaenda kwenye klabu moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Askari wa langoni alitusalimia kwa adabu, akauliza, "Mzee, una kadi?" Sina. "Basi labda mje na mwanachama." Nilichungulia kwenye waya. Viwanja vyote vilikuwa vitupu, kunguru tu ndio walikuwa wakitembeatembea juu ya mistari. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona hapana mtu na hatuingii?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Askari naye simlaumu, yeye anatekeleza alichoambiwa.

Klabu hizi zina historia yake. Wakati wa ukoloni kila kundi lilikuwa na yake: Wazungu mbali, Wagoa mbali, Waismailia mbali, watu wa reli mbali. Uhuru ulifungua mlango wa rangi, mlango wa ada ukabaki. Mtoto wa Kisauni au Majengo aliingia kama mwokota mipira, au kumwagia maji uwanja wa murram jioni. Mimi nilijifunza saa saba mchana, jua la utosi, wanachama wakiwa mezani wanakula, kwa raketi ya kuazima iliyokatika nyuzi mbili. Sisemi haya kujisifu. Nasema kwa sababu wengi wanaofundisha leo walipita njia hiyo hiyo, na hiyo si njia ya kumpitisha mtoto.

Siku hizi klabu hupenda kusema zina mpango wa jamii. Swali langu ni moja tu: kocha analipwa na nani? Kocha wengi ninaowajua hawana mshahara wa klabu. Wanakula kutokana na masomo, saa kwa saa, na pesa hutoka mfukoni mwa mzazi. Saa anayompa mtoto wa mwanachama ni unga wa nyumbani. Saa anayompa mtoto wa mtaani ni sadaka anayoitoa yeye, halafu sifa anachukua mwenyewe kiwanja. Mpango wa namna hiyo huchangamka siku ya kupiga picha, mwezi wa pili umekufa. Kocha akipata mwanafunzi wa kulipa atamfuata, na mimi ningemfuata.

Na si kwamba kufundisha wadogo kunahitaji mali nyingi. Tangu 2012, sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka mashindano ya watoto wa miaka kumi kwenda chini yachezwe kwa mipira ya polepole: mwekundu, wa rangi ya chungwa, au wa kijani. Mpira mwekundu huchezewa uwanja mfupi, mita kumi na moja hadi kumi na tatu hivi, ilhali uwanja kamili una mita 23.77. Kwa hiyo kwenye kiwanja kimoja cha klabu unapanga viwanja vinne vya watoto, ukinyoosha kamba badala ya wavu. Pale walipokuwa wakicheza watu wawili, wanacheza kumi na sita. Hata mipira ya wanachama iliyokwisha upepo, ambayo hutupwa au hupewa mbwa, inawafaa wale waliokua kidogo, kwa sababu hairuki sana.

Angella Okutoyi, aliyezaliwa 2004, hakutoka nyumba ya kitajiri. Alilelewa na bibi yake Nairobi. Januari 2022 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya wasichana chipukizi katika mashindano ya Australian Open, na Julai mwaka huo, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakatwaa taji la wasichana wawili-wawili Wimbledon. Mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Tunapomshangilia tunasema kipaji, kipaji. Kipaji anacho, lakini kila hatua palikuwa na mtu aliyemfungulia uwanja, akampa kocha.

Wanachama wana hoja yao, na si ya kupuuza. Wao ndio wanaolipa maji ya kumwagilia murram na umeme wa taa, na nyavu hapa kwetu huliwa na chumvi ya bahari kabla ya wakati. Wanataka kufika saa kumi na moja jioni wakute nafasi. Sawa, jioni ni yao. Isitoshe, watoto wetu jioni wako chuoni wakisoma Kurani, kwa hiyo programu ya saa kumi, hata ikiwa bure, haiwafikii. Saa zinazofaa ni zile ambazo hapana mtu: likizo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu kabla ya jua kuwa kali, na Jumapili asubuhi mapema skuli zikifunguliwa.

Kuna na suala la mavazi, linalowazuia wasichana kimyakimya. Sheria ya nguo nyeupe haina tatizo, tatizo ni pale inapofasiriwa kuwa sketi fupi. Iandikwe wazi kwamba suruali ndefu nyeupe na mtandio mweupe vinakubalika. Nyeupe ni nyeupe, hata ikifika kwenye kifundo cha mguu.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya ua wa klabu. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaweka shughuli za michezo na vifaa vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Kujenga viwanja vipya vya tenisi kutachukua miaka. Kumlipa kocha saa sita kwa wiki, kwenye kiwanja ambacho tayari kipo, kunahitaji makubaliano ya ukurasa mmoja: klabu itoe saa, kaunti itoe ujira, kocha atie sahihi daftari la mahudhurio.

Klabu hufanya mkutano mkuu kila mwaka. Ewe mwanachama unayesoma haya, peleka hoja: saa zitajwe, malipo ya kocha yatajwe, na askari wa langoni apewe orodha ya majina ya watoto. Jina la mpwa wangu nitakuletea mwenyewe.