Mfundishe mwanao kuogelea kabla hajakuacha ufukweni

MSOMAJI wangu, skuli zikifungwa na sikukuu zikikaribia, mji wetu huhamia pwani. Daladala za Bububu zinajaa, gari za shamba zinakodiwa hadi Nungwi na Kendwa, masufuria ya pilau yanafungwa kwa kanga, na watoto wanavaa nguo mpya ambazo baada ya nusu saa zitakuwa zimelowa chumvi. Ni jambo zuri sana. Mtoto anayekimbia mchangani analala vizuri, anakula vizuri, na kwa siku moja anasahau simu. Kama daktari sina neno baya juu ya matembezi hayo.

Neno nililonalo ni juu yetu sisi wazazi. Tazama ufukwe wowote jioni ya sikukuu. Watoto wamo majini, mama na shangazi wamekaa juu ya mkeka wakimenya machungwa, baba amesimama pembeni na simu. Ukiuliza nani kati ya watu wazima wale anaweza kuingia na kumtoa mtoto anayezama, mara nyingi utaoneshwa kijana mmoja tu, naye kaenda kununua urojo.

Katika nchi za baridi kama Uswisi na Austria, familia nyingi hupanda milimani kila msimu wa baridi kuteleza kwenye theluji. Mtoto wa miaka minne au mitano hufungwa vibao miguuni, na mzazi hutangulia mbele yake polepole akimwonesha njia. Kila mwaka mtoto huongeza kasi. Hatimaye hufika mwaka ambao mtoto ndiye anayesubiri chini ya mlima, na mzazi ndiye anayekuja nyuma akihema. Sisi theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro, lakini tuna bahari pande zote. Jambo lenyewe ni moja: mchezo unaomfundisha mtoto hatari akiwa bado mkononi mwako, mpaka siku atakapoikabili bila wewe.

Hapa Mlandege bahari haipo mbali. Wazee wanajua kwamba barabara inayotutenganisha na Mji Mkongwe inapita palipokuwa na hori la maji ya chumvi, na jina la Darajani limetokana na daraja lililovuka hori hilo. Hori lilifukiwa, lakini mtoto wa Mlandege mwenye miaka kumi bado anaweza kutoka chuoni, akakata njia ya marikiti na kufika Forodhani kwa miguu kabla mama hajamaliza kukuna nazi. Hakuombi ruhusa na hatakuomba. Kwa hiyo suala la kumruhusu au kutomruhusu kwenda baharini tuliache, kwani atakwenda. La kujiuliza ni atakwenda akiwa anajua nini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miaka 30, na robo walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa watoto wa miaka mitano hadi 14, kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Zaidi ya vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Nasi Wazanzibari hatuhitaji kukumbushwa kwa takwimu. Tunaijua Septemba 10, 2011, ilipozama Spice Islander ikielekea Pemba, na Julai 18, 2012, ilipozama Skagit karibu na Chumbe. Kujua kuogelea peke yake hakuokoi kila mtu katika ajali kama zile, lakini mtu aliyezoea maji hupata nafasi ya kufikiri wakati mwengine anahangaika.

Tuanze na wadogo. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hafi maji Nungwi, anafia uani, katika ndoo, beseni, pipa au kisima kisichofunikwa. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, akichungulia anatumbukia, na mikono haina nguvu ya kumnyanyua. Mwaga maji ya beseni ukishamaliza kufua. Funika pipa kwa kitu kizito. Usimwachie mtoto wa miaka sita kazi ya kumwangalia wa miaka miwili.

Akifika miaka sita hivi, mtoto wa kawaida yuko tayari kujifunza. Huo ndio umri ambao wataalamu wa afya wanashauri watoto wa skuli waanze kufundishwa kuelea, kuogelea na namna salama ya kumsaidia mwenzao. Samaki mkunje angali mbichi. Somo la kwanza si kwenda mbali. Ni kulala chali juu ya maji, masikio ndani, tumbo juu, na kupumua taratibu. Mtoto anayeweza kuelea hivyo dakika mbili amepata dakika mbili za kuokolewa.

Na mzazi asiyejua, ajifunze pamoja naye. Mimi nilikulia kisiwani na kufika chuo kikuu bila kujua kuogelea, kama wanawake wengi wa rika langu. Kaka yangu alinifundisha nikiwa na miaka 36, pwani ya Bububu, alfajiri za Jumapili, pamoja na mwanangu wa kwanza aliyekuwa na miaka sita. Mwaka wa kwanza alining'ang'ania shingoni hata siwezi kupumua. Mwaka wa pili akanishika kidole. Mwaka wa tatu alikuwa ananizunguka kama samaki. Sasa ana miaka 16, na ninapofika maji ya kifua yeye keshafika zilipofungwa ngarawa. Ananipungia mkono, nami nageuka nirudi na mdogo wake. Hakuna aliyeniambia siku gani ilikuwa ya mwisho ya kushikwa kidole. Siku hizo hazitangazwi. Mzazi hujua zimepita wakati tayari zimepita.

Kijana wa umri huo anahitaji maneno ya aina nyengine. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia pupa huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, lakini hamu ya kusifiwa na wenzake imeshakomaa zamani. Ndiyo maana akiwa peke yake ana akili, na akiwa na wenzake kumi Forodhani anaruka. Makachu, ile michezo ya kujirusha kutoka ukutani, ni fahari ya vijana wetu na wageni wanakuja kuipiga picha. Sitaki ipigwe marufuku. Nataka kila anayeruka ajue kina cha maji chini yake. Siku za bamvua, maji yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Pale aliporuka jana alasiri salama, leo asubuhi pana kina cha magoti. Anayetangulia kwa kichwa katika maji hayo huvunja shingo, na mfupa wa shingo ukikata uti wa mgongo, mikono na miguu haitarudi kwa dawa wala kwa operesheni. Maneno ya kumwambia mwanao ni machache: ingia kwanza kwa miguu, pima, na maji yakipwa usiruke.

Wasichana wana kisa chao. Wengi huogelea na kaka zao mpaka wanapobalehe, kisha wanatolewa majini na kukalishwa mkekani kuwaangalia wadogo. Tumemtoa majini yule yule tuliyempa kazi ya kuangalia watoto majini! Stara ni jambo la lazima kwetu, lakini stara na kuogelea vinapatana. Huko Nungwi, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, na waalimu wakiwemo wanawake. Picha za wanafunzi wa Kijini wakijifunza kuelea katika bahari ya Muyuni zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia iliwaona kabla sisi mjini hatujawaiga. Binti yangu ana miaka 13, anaingia majini na suruali, fulana ndefu ya kuogelea na kofia ya kufunika nywele, saa ambazo ufukwe una watu wachache. Dera na buibui visitumike kuogelea, kwani kitambaa kipana kikilowa huzonga miguu na kuvuta chini. Na hedhi si ugonjwa wa kumzuia asiogelee, ikiwa mwenyewe anajisikia vizuri.

Sasa nizungumzie jambo ambalo wavuvi wanalijua na sisi wa mjini tumelisahau. Bamvua huja na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Idd el Fitri ni mosi Mfungo Mosi, mwezi ndiyo kwanza umeandama. Kwa hiyo kila Idd el Fitri huangukia kwenye bamvua, na Unguja maji ya bamvua huwa yamejaa karibu na saa kumi alasiri, wakati ule ule familia zimemaliza chakula cha mchana na kufika pwani. Maji yaliyokuwa mbali asubuhi yamekuja juu, na baadaye yakianza kutoka hutoka kwa nguvu, hasa kwenye milango ya miamba. Idd el Hajj huwa tarehe 10, karibu na maji mafu, na bahari huwa tulivu zaidi. Kabla ya kukodi gari, muulize mvuvi au angalia jedwali la maji. Mtoto akichukuliwa na mkondo asipigane nao uso kwa uso. Alale chali, aite, na akiweza aogelee kwa ubavu mpaka atoke kwenye mkondo.

Jihadharini pia na mipira ya ndani ya magurudumu na maboya ya kupuliza. Msimu wa kusi, pwani zetu za magharibi hupigwa na upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Mpira huondoka na mtoto juu yake, na baba anayeufuata akiwa hajui kuogelea huwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Methali inasema mfa maji haishi kutapatapa. Kwa watoto, tunayoyaona hospitali ni tofauti. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu pumzi ya kupigia kelele hana. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimeegemea nyuma, macho yameduwaa, na chini ya dakika moja ameshazama. Kwa hiyo msimamizi wa watoto awe mmoja aliyetajwa kwa jina, asiwe na simu, na apokewe na mwengine kila baada ya nusu saa. Mtoto mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuogelea kuwa karibu yake kwa umbali wa mkono.

Akitolewa mtoto ambaye hapumui, usimning'inize miguu juu wala usimkamue tumbo. Matapishi huingia mapafuni na muda unapotea, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hewa. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha, huku wengine wakitafuta gari. Ikiwa aliruka kwa kichwa, watu washike kichwa na shingo visipinde. Hata akizinduka na kuomba maji ya kunywa, mpelekeni hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Maoni yangu basi ni haya. Skuli zetu zinafundisha watoto wa kisiwa majina ya mabara na bahari zote za dunia. Hakuna sababu ya mtoto kumaliza skuli ya msingi asijue kuelea katika bahari anayoisikia kutoka dirishani. Pwani ipo bure, waalimu wa kuogelea wapo vijijini, na vijana wa makachu wanaweza kufundishwa uokoaji wakawa waangalizi wa fukwe siku za sikukuu. Wizara zinazohusika na elimu na afya zikae pamoja juu ya hili.

Lakini mzazi usisubiri wizara. Mwanao wa miaka sita yuko tayari mwaka huu, na hatakuwa na miaka sita mwakani. Jumapili hii maji yakiwa matulivu, mshike mkono uingie naye mpaka kiunoni, umfundishe kulala chali. Mbele ya safari atakwenda mbali kuliko wewe, na ndivyo inavyotakiwa. Mzazi mwenye bahati ni yule anayesimama ufukweni akimwangalia anakwenda, na moyo wake umetulia.